Kitanda cha Dada Kilivyokwama Njia ya Kimbiji

Mlio wa kwanza tuliucheza.

Ulianza tulipoiacha Kongowe. Ngo-ngo, ngo-ngo, chini ya sakafu ya lori. Mpiga ngoma wa shangazi, mzee wa Mbagala ambaye hata jirani akipigilia msumari mkono unamwasha, akaudaka palepale akaufuatisha kwa ngoma kubwa. Shangazi akapandisha wimbo. Mie nikasimama juu ya godoro jipya, bado limo ndani ya nailoni yake, nikakata kiuno mpaka mama zangu wadogo wakanitunza vitambaa. Kwa hiyo mtu akikwambia lori letu liliharibika bila dalili, mkatalie. Dalili tulizisikia vizuri sana, tukazipigia makofi.

Mjomba ndiye aliyekuwa anaendesha, na lori ni lake. Siku za kawaida hubebea mchanga na matofali huku kwetu Boko. Siku hiyo aliliosha tangu alfajiri, akalifunga maua ya plastiki kwenye vioo, na bado kila likiruka shimo mchanga ulikuwa unatoka sijui wapi unatuingia mdomoni katikati ya wimbo. Baadaye nilimuuliza kama yeye hakuisikia ile ngo-ngo. Akasema aliisikia, ila alidhani ni sie.

Tulikuwa tunapeleka vyombo vya dada Kimbiji. Ndoa ilikuwa kesho yake, na kwetu vyombo humtangulia bibi harusi: kitanda, godoro, kabati, meza ya kujipambia, masufuria, mpaka mbuzi ya kukunia nazi. Dada mwenyewe alibaki Boko, ndani, anapakwa hina, haruhusiwi hata kuchungulia dirishani. Sie ndio tulikuwa miguu yake.

Kitanda ndicho kilichokuwa mfalme wa mzigo. Sita kwa sita, mninga mtupu, kichwani kimechongwa maua na tausi mmoja ambaye kwa kweli anafanana na kuku anayetaga, lakini hilo nilikatazwa kulisema mbele za watu. Watu wenye akili zao hufungua kitanda wakabeba mbao. Shangazi aligoma. Alisema kitanda kilichofunguliwa ni mbao tu, na mbao hata jeneza linazo. Hiki kitapita mjini kimesimama kwa miguu yake, kimetandikwa, kila mtu akione. Basi kikapandishwa juu ya lori kama kilivyo, na sie tukapanda juu yake.

Tulipopita Kibada lami ikaisha. Tukawa tunaogelea kwenye mashimo, mikorosho kushoto, mihogo kulia, na ile ngo-ngo ikawa inakwenda kasi kuliko ngoma. Mzee wa Mbagala jasho linamtoka, anaikimbiza. Halafu kikapiga kishindo kama mtu kamwaga masufuria ya shughuli nzima kwenye sakafu ya saruji. Chuma kikaburuzwa chini, kikachimba. Mjomba akakanyaga breki. Mama zangu wadogo wakaangukia kabati, kabati likaniangukia mie, na mie nikamwangukia mzee wa Mbagala, ambaye aliendelea kupiga kidogo kabla hajagundua kwamba amebaki peke yake.

Injini ilikuwa bado inaunguruma. Mjomba akaingiza gia, akakanyaga mafuta. Kelele zikapanda, moshi ukatoka, tairi zimetulia kama zimesusa.

"Ni nini?" shangazi aliuliza kutoka juu.

"Propela," mjomba alijibu kutoka chini ya lori. "Krosi imesagika."

"Sema Kiswahili."

"Lori haliendi."

"Hilo hata mie naliona."

Nilishuka nikaingia chini kuangalia, maana mie kitu kikiharibika lazima nikione. Mjomba alinionyesha kwa kidole. Mbele kuna injini na gia boksi. Nyuma kuna difu, ambayo ndiyo inazizungusha tairi. Katikati yao kuna bomba la chuma refu, linaitwa propela, ndilo linalobeba nguvu kutoka mbele kupeleka nyuma. Na kwenye kiungio cha propela kuna chuma kidogo cha umbo la msalaba, kinaitwa krosi. Hicho ndicho kilichokufa. Propela yenyewe ilikuwa imelala mchangani, ncha moja imening'inia, kama mtu aliyezimia kwenye baraza la watu.

"Kwa hiyo injini nzima, tairi nzima, ila hawasalimiani," nilisema.

"Ndiyo hivyo."

"Kama shangazi na mama mkubwa wa bwana harusi."

Mjomba alitaka kucheka akakumbuka yuko wapi.

Hiyo ya mama mkubwa lazima niielezee, maana bila hiyo utaona tulikuwa wajinga tu waliokwama na kitanda. Siku ya posa, wageni wa Kimbiji walipokuja kwetu, yule mama alisema mbele ya watu wote, kwa ile sauti laini ya kummwagia mtu maji ya moto: "Wala msihangaike na vyombo, ndugu zetu. Kimbiji ni mbali na njia yake mnaijua. Mkishindwa kuvifikisha, sie tutavifuata." Watu wakaitikia vizuri, wakanywa soda. Shangazi yangu hakunywa soda. Aliiweka chini ya kiti akasema, "Vitafika. Vitafika mchana, na vitashushwa kwa mikono yetu."

Bibi harusi ambaye vyombo vyake vimefuatwa na ukweni ni kama kaokotwa. Siku akichelewa kuamka, siku akizidisha chumvi, ataambiwa: hata kitanda unachokilalia tulikivuta wenyewe. Na dada yangu si mtu wa kujibu. Ukimkanyaga anakuomba samahani kwa kuweka mguu pale. Mwenye mdomo kwetu ni mie, na siyo mie niliyekuwa naolewa.

Kwa hiyo ishu haikuwa kitanda kufika. Kufika kingefika tu. Ishu ilikuwa nani anakifikisha.

Na hatukukaa sana, simu ya shangazi ikalia. Kuna bodaboda alikuwa ametupita akituangalia kama tuko kwenye maonyesho, na bila shaka alifika Kimbiji kabla hatujamaliza kutoa mchanga masikioni. Aliyepiga ni kaka mkubwa wa bwana harusi. Shangazi akaweka sauti kubwa ili tusikie wote.

"Shikamoo shangazi. Tumesikia mmekwama."

"Marahaba baba. Hatujakwama. Tumepumzika, watu wanakunywa maji."

"Sie tuna lori hapa, limekaa tu. Tunakuja na kamba tuwavute."

"Kamba mfungieni mbuzi wa kesho," shangazi akasema, akakata simu, akatugeukia. "Hao wanakuja. Wataondoka sasa hivi. Nani anajua kutengeneza hicho kidude?"

Mjomba alijua kukifungua lakini krosi nyingine hakuwa nayo. Mafundi walikuwa Kibada, kule tulikotoka. Mtu aipeleke propela, abadilishiwe krosi, airudishe. Mjomba hakuweza kuondoka, maana breki ya mkono ya lori lile ni jina tu, na lori lilikuwa limeegemea mawe mawili na matumaini yake. Alikuwa ameshakata matawi ya mkorosho na kuyapanga barabarani nyuma na mbele, sasa kazi yake ilikuwa kukaa tayari na jiwe la tatu. Wapiga ngoma walivaa kanzu nyeupe, wakaiangalia propela inavyochuruzika grisi, wakaangaliana, kila mmoja akaanza kumwona mwenzake anafaa zaidi.

"Nakwenda mie," nilisema.

"Na hilo dera la sare?" mama mdogo mmoja akauliza.

"Nalo linakwenda."

Mjomba akaifungua propela, tukasimamisha bodaboda. Dereva wake alikuwa kijana tu, akaniangalia nimekumbatia lile bomba.

"Sista, unakwenda vitani?"

"Ukweni."

"Afadhali vita," akasema, akaniambia nipande.

Propela haibebeki kwa urefu kwenye pikipiki, itamchoma dereva mgongoni. Nikailaza mapajani kwa upana, ncha moja imetokeza kulia, nyingine kushoto. "Shika katikati," braza akanionya, "ukishika pembeni tunapaa." Barabara nzima ikawa yetu. Mbuzi walitupisha, baiskeli zilitupisha, lori la kokoto likaingia vichakani likatupisha, na dereva wake akatoa kichwa dirishani akatutukania wazazi, nami nikamwitikia marahaba. Mwalimu wetu wa fizikia huwa anasema mashine ni kitu kinachorahisisha kazi. Nilimtamani pale, akae na ile mashine mapajani, arahisishiwe.

Fundi nilimkuta Kibada anafunga kibanda chake cha mabati. Jitu refu, ovaroli imemwishia katikati ya miguu, ananawa grisi kwa sabuni ya unga.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Tumefunga, binti."

"Krosi tu."

"Leo kuna mechi. Kesho asubuhi nitakufanyia."

"Kesho kuna ndoa."

"Basi kesho kutwa, mkishamaliza kula."

Alikuwa anaongea ile lafudhi ya kwao, kila neno limekanyagwa kwa mguu mzima. Moyo wangu ukafurahi mpaka nikaona aibu.

"Fundi, samahani, kwenu ni wapi?"

"Shinyanga."

"Msukuma?"

"Wa kuzaliwa na wa kufa."

Nikailaza propela chini taratibu. Nikapangusa dera, kama kulikuwa na cha kupangusa. Nikaenda nikakaa juu ya sanduku lake la spana.

"Umetekwa," nikamwambia.

"Nimetekwa na nani?"

"Na Mzaramo."

Akaacha kunawa. Povu likawa linamdondoka viwikoni. Mambo ya utani kati yetu na Wasukuma hakuna aliyenifundisha darasani, nimekua nayaona misibani na harusini. Mtani akishika kitu chako huwezi kumkunjia uso. Unakikomboa, au unamlipiza. Ukikasirika umeshindwa, na utasemwa mpaka watu wachoke. Siku babu yetu alipofariki, mtani mmoja wa Kisukuma alilala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe sigara, na waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia.

"Yaani Mzaramo," fundi akasema polepole, "watu wanaouza kiwanja wakanunua ngoma, ndio wananiteka mie?"

"Na wewe ambaye babu yako alishuka kwenye treni akaiamkia ile sanamu ya Askari, akasimama pale anangoja marahaba, huoni hata aibu kutekwa?"

Kijana wa bodaboda alikaa chini kabisa, akaegemea tairi, akaona leo hana haraka.

"Toka kwenye sanduku langu, mtani."

"Nibebe nalo."

"Nina mechi."

"Kaangalie. Nitakuwa hapahapa. Ukirudi nitakuwa nimezeeka, utanioa mwenyewe na kitanda tunacho."

Alinitazama, akaitazama propela, akafuta mikono kwenye ovaroli ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono. Nilijua nimempata alipochuchumaa akaigeuza ile ncha iliyovunjika. Mtu akishachuchumaa mbele ya kitu kibovu ameshaingia.

"Haya. Lakini na mie nina haki yangu. Nikitengeneza, nami nateka."

"Utateka nini?"

"Nitakiona hukohuko."

Krosi mpya hakuwa nayo. Alikuwa na iliyotoka kwenye lori jingine, nzima, ila ilikaa kwenye tundu lake kwa ulegevu, inacheza. Akaokota kopo la soda, akalikata kwa mkasi wa bati, akaviringisha vipande vyembamba kuizunguka krosi, akaigonga kwa nyundo mpaka ikabana. Nikamuuliza kama hiyo imo kwenye vitabu. Akasema vitabu vilipoandikwa havikujua kuna siku nitakuja kukaa kwenye sanduku lake. Akanipa masharti: gia namba moja tu, bila kushtua, na watu wote washuke watembee kwa miguu, kwa sababu uzito wa wanawake wa Kizaramo na mzigo juu, hilo kopo halitakubali. Akasema anakuja kuifunga mwenyewe, maana hamwamini Mzaramo na nati.

Tukapanda mshikaki: dereva, mie katikati na propela, fundi nyuma na sanduku lake kichwani. Sijui pikipiki ile ilikuwa na dhambi gani.

Tulipofika nikaona lori jingine limesimama uso kwa uso na la kwetu, jipya, safi, na kaka mkubwa wa bwana harusi amesimama na kamba ya bluu mkononi. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Nyuma yake wako vijana wawili wa kwao. Kamba haikuwa imefungwa. Sababu ya kutofungwa ilikuwa shangazi. Alikuwa amekaa juu ya bampa la mbele la lori letu, miguu ameinyoosha, dera lake pana limefunika tundu la kufungia kamba. Kaka mtu akimwomba asogee, hasogei. Kumshika ili amsogeze haiwezekani, yule ni mkwe.

"Shangazi, jua linakwenda," kaka mtu alikuwa anasema. Inaonekana alishasema mara nyingi. "Sie ni ndugu sasa. Kuvutana kuna ubaya gani?"

"Ndugu kesho, baada ya ndoa. Leo nyie ni majirani."

"Mnateseka bure."

"Nani anateseka? Umeona mtu analia hapa?" Akaniona. Akaliona dera langu, grisi kuanzia kifuani mpaka kwenye pindo. "Hilo dera limekufa," akasema. "Chuma kiko wapi?"

Nikakinyanyua.

Fundi aliingia chini ya lori bila kusalimia mtu. Mjomba akamfuata na spana. Sie tulikaa tunaangalia miguu yao, na wale wa Kimbiji nao wakaangalia, na kaka mtu akawa anaizungusha kamba yake mkononi, anaikunja, anaikunjua. Alikuwa anangoja ishindikane. Nisiseme uongo, na mie nilikuwa naogopa ishindikane. Mzee wa Mbagala akagusa ngoma kidogo, shangazi akamwambia aache kwanza, na pale ndipo nilipojua kwamba hata yeye anaogopa.

Fundi akatoka. Akajipangusa mchanga. Halafu, badala ya kusema limepona, akapanda juu ya lori, akavua viatu, akajilaza katikati ya kitanda cha dada yangu, kichwa chini ya tausi, mikono kifuani kama maiti.

"Kitanda nimekiteka," akatangaza. "Mie Msukuma. Wazaramo wenye mali wajitokeze."

Mama zangu wadogo wakapiga vigelegele. Hata mjomba alicheka, huku anaangalia ile nailoni ya godoro na ovaroli ya mtani.

Kaka wa bwana harusi hakucheka. "Wewe shuka," akasema. "Hicho kitanda ni cha watu. Vijana, fungeni kamba, twendeni."

Fundi akainua kichwa kidogo. "Na wewe Mzaramo?"

"Ndiyo, Mzaramo, kwa hiyo?"

"Kwa hiyo na wewe mtani wangu. Kitu kilichotekwa na mtani kinavutwa na nani? Mwenye kukivuta akikomboe kwanza. Na wa kukomboa ni mwenye mali. Mali ni ya huyu mama. Wewe ni mali yako?"

Kaka mtu akafungua mdomo. Hapo angekuwa mjanja angecheka tu, mambo yakaisha. Lakini alikuwa amekaa juani na kamba muda mrefu, kanzu imemganda mgongoni. "Sina muda wa upuuzi," akasema, kwa sauti ya ukali kabisa.

Halafu fundi akajilaza tena, taratibu.

"Kanuna," akasema akiangalia mawingu. "Mtani kanuna. Jamani wenye bibi harusi, mnamwoza mtu kwenye ukoo wa wanunaji?"

Vijana wake mwenyewe ndio walioanza kucheka. Mmoja aligeuka akajifanya anakohoa. Kaka mtu akawatazama, akamtazama shangazi, akamtazama yule mtu mzima aliyelala kwenye kitanda cha shemeji yake, na nikaona uso wake unapigana wenyewe kwa wenyewe. Mwisho akaitupa kamba ndani ya lori lake. "Haya," akasema. "Haya, mtani. Usije ukasema mie nimenuna."

"Kikomboe basi, shangazi," mama mdogo akasema.

Shangazi alikuwa ameshasimama kwenye bampa. Akajifunga kanga kiunoni.

"Hapa sikikomboi. Nitakikomboa mlangoni kwao. Mjomba mtu, washa."

Hapo ndipo nilipoona kwa nini hajawahi kushindwa. Kwa kuwa hakijakombolewa, hakuna wa ukweni atakayekigusa njia nzima. Mtani akabaki amelala juu, sie tukashuka wote, mjomba akaingiza gia namba moja kama mtu anayeamsha mtoto mchanga, na lori likasogea. Likasogea kweli. Likatembea mwendo wa bibi kizee anayetoka kisimani, na sie mbele yake kwa miguu, ngoma ikarudi.

Lori la ukweni, jipya, safi, likaingia mihogoni kutupisha na kugeuka, likabaki nyuma yetu. Kupita haliwezi, njia nyembamba. Likatufuata polepole mpaka Kimbiji, linakula vumbi letu.

Na kwa sababu tulikwenda kwa miguu, watu walituona. Tungepita na lori tungekuwa vumbi na kelele tu. Sasa mtu anasikia ngoma yetu ya mdundiko iko mbali, anamaliza kufua, anavaa, anatoka, na bado sie hatujafika kwake. Watoto wakajiunga, wanawake na majembe yao wakajiunga, kila mmoja anauliza yule mwanaume kitandani ni nani, na mie najibu: "Huyo ni bwana harusi wa akiba, yule wa kwanza akichelewa." Shangazi alinipiga kofi la mgongo, lakini la taratibu, huku anacheza.

Tulifika jua bado liko juu ya minazi. Uani kwao kumejaa watu, maturubai yamefungwa, masufuria jikoni. Mama mkubwa wa bwana harusi amesimama barazani, mikono imeshikana tumboni. Mjomba akataka kulirudisha lori kinyumenyume ili mgongo wake ukae mlangoni, tushushe vizuri. Akaingiza rivasi. Lori likarudi, likarudi, likafika barazani kwao kabisa, na pale kopo la soda likasema basi. Kishindo, propela chini.

Mjomba alishuka akavua kofia yake kujifuta jasho, na hiyo ikawa bahati mbaya yake, maana fundi alikuwa ndiyo kwanza anaketi kitandani.

"Fidia yangu naiona," akasema.

Mjomba ana kipara ambacho hata mkewe nadhani hukiona siku za sikukuu tu. Alimtazama shangazi kwa huruma. Shangazi akainyakua kofia mkononi mwake akamrushia mtani, mtani akaivaa, ikamkalia juu ya kichwa kama kifuniko cha chupa, akashuka, na kitanda kikawa chetu tena.

Vijana wa Kimbiji wakasogea na mikono yao. Shangazi akawapita kama nguzo za umeme. "Mikono yetu," akasema. Tukakishusha, mama wadogo wanne na mie na wapiga ngoma, ambao sasa kanzu zao hazikuwa na cha kupoteza. Tukafika nacho mlangoni na hakikuingia. Sita kwa sita iliyosimama kwa miguu yake haipiti kwenye mlango wa mtu yeyote. Tulikijaribisha kwa ubavu, tulikijaribisha kwa kichwa, tausi akagonga kizingiti. Kule Boko kilitengenezewa barazani na kikapakiwa barazani, na katika wajuzi wote wa ukoo wetu hakuna aliyefikiria kwamba kitanda huwa kinaingia ndani ya nyumba.

Mama mkubwa akakohoa kidogo. Nilimwona shangazi anavuta pumzi.

"Fungua," akamwambia fundi. "Vipande vyote. Kila kipande kina wimbo wake."

Basi fundi akafungua kwa spana zake, na kitanda cha dada yangu kiliingia Kimbiji vipandevipande, kila chaga na wimbo, kila mguu na vigelegele, kichwa cha tausi kikabebwa na shangazi mwenyewe, akipita mbele ya mama mkubwa karibu kabisa mpaka yule mama akalazimika kujibana ukutani ili asiguswe na mabawa. Mie nilibeba ubao wa ubavu, na dera langu likaacha alama ya grisi kwenye fremu ya mlango wao. Kuna mtu akasema itafutwa. Nikamwambia ajaribu.

Tulipokuwa tunakifunga tena chumbani, dada akapiga. Alikuwa ananong'ona, nafikiri walimkataza kushika simu na hina mbichi.

"Kimeingia?"

"Kimeingia."

"Nani kakiingiza?"

"Sie."

Nikasikia anavuta makamasi. Akalia kidogo, nikamwacha alie, nikawa nahesabu nati sakafuni.

"Wanasemaje?" akauliza.

Nikachungulia nje. Lori la mjomba lilikuwa limekaa barazani kwao, mgongo mlangoni, propela imelala chini, na wageni wa harusi walikuwa wanaingia na kutoka kwa ubavu, mmoja mmoja, wamevuta matumbo ndani. Mama mkubwa alikuwa anamuuliza shangazi kitu.

"Wanauliza lori litatoka lini mlangoni kwao," nikamwambia.

"Shangazi kawajibu nini?"

"Kawaambia likipumzika."